Maswali ya Jikoni: Mkaa Unaisha, Maharage Bado Magumu

Barua nyingi safari hii zinalalamikia mkaa na mafuta. Tunaanza na mkaa, maana huko ndiko hela inakovuja bila mtu kuiona.

Shikamooni. Nyama tumeipumzisha, sasa ni maharage karibu kila siku. Nusu kilo inamaliza kopo zima la mkaa na punje nyingine bado ngumu. Naloweka saa mbili, kisha natia kila kitu pamoja, nyanya, kitunguu na chumvi, ili niokoe muda. Maji ni ya kisima. Nakosea wapi? (Mama wa watoto wanne, Mbagala)

Marahaba, mama. Anza kwa kuitoa nyanya. Ukali wake huzuia punje kulainika, na ndimu na ukwaju hufanya vivyo hivyo. Visubiri mpaka maharage yabonyezeke kwa vidole. Chumvi inasingiziwa tu. Ukitia kijiko kimoja cha chai kwenye maji ya kulowekea, ganda linakuwa laini zaidi.

La pili ni maji. Kama sabuni haitoi povu vizuri na sufuria inabaki na utando mweupe, maji yako yana chokaa, na chokaa hukaza ganda. Kulowekea na kupikia tumia ya bomba au ya mvua, ya kisima yaoshee vyombo. Kuna wanaotia magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na yakizidi kidogo tu mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Kama huna njia nyingine, robo kijiko cha chai inatosha nusu kilo.

Saa mbili za kuloweka hazitoshi. Loweka usiku kucha, saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Na ukiyafanya haya yote punje zikakataa bado, shida iko dukani: maharage yaliyokaa ghalani zaidi ya mwaka kwenye joto na unyevu hukakamaa, na hakuna moto wa kuyarudisha. Kabla ya kununua kisado kizima, nunua kidogo ukajaribu. Usichanganye ya zamani na mapya, utapika mapya mpaka yawe uji ukisubiri ya zamani.

Sasa huo mkaa. Maharage yakishachemka hayahitaji moto mkali, yanahitaji joto lisilopotea. Chukua kikapu kikubwa, kitandike nguo za zamani za pamba au sponji, unene sawa na upana wa kiganja kila upande na chini, ushone na mto wa kufunika juu. Weka maharage yaliyolowekwa kwenye sufuria yenye mfuniko unaobana, maji yapite juu ya punje kwa vidole viwili tu, kwa kuwa humo ndani hayatakauka. Chemsha kwa nguvu dakika 20. Usipunguze: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa mchemko kamili wa dakika 10 au zaidi. Anayeyaingiza kapuni yakiwa ya moto tu bila kutokota anaandaa nyumba nzima kutapika.

Ipua bila kufunua. Hakikisha hakuna kaa la moto lililonasa chini ya sufuria, izungushie khanga (si nailoni, itayeyuka), ifukie kapuni, uiache saa 3. Ukiitoa, ichemshe tena. Kama bado kidogo, dakika 5 za mchemko na saa nyingine kapuni. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa mapema, na wengi wanaosema kapu halifanyi kazi walikosea hapo.

Mkaa uliobaki jikoni usiuache ujimalize. Utie kwenye kopo la bati lenye mfuniko, ufunike, utazimika kwa kukosa hewa na kesho unawaka tena. Wa kumwagia maji unarukaruka na unachukua siku kukauka.

Habari zenu. Nauza maandazi mbele ya nyumba. Mafuta ni ghali, nayarudia mpaka yanakuwa meusi. Inaruhusiwa mara ngapi? Na nikihamia alizeti ya kukamua? (Muuza maandazi, Tanga)

Nzuri, dada. Bei ya mafuta ya kula hapa kwetu inafuata soko la mbali: Indonesia ilipozuia kuuza nje mafuta ya mawese, Aprili na Mei 2022, madumu yalipanda bei hata huku. Hilo huliwezi. Unaloliweza liko kwenye karai.

Idadi hatukupi, tazama dalili. Mafuta yanayotoa povu lisilotulia, yanayofuka moshi kabla andazi halijaingia, yanayonata vidoleni au kunuka rangi ya mlango, yamekwisha. Weusi peke yake mara nyingi ni unga ulioungua. Kung'uta kila andazi kabla ya kulitia, na ukimaliza acha mafuta yapoe, yachuje kwa kitambaa, yafunike mahali pa giza. Ya samaki yawe na chombo chake.

Lakini hasara yako kubwa huenda inatoka na wateja. Andazi lililotiwa kwenye mafuta yasiyopata moto hunywa mafuta, na unampa mnunuzi bure. Chovya kijiti cha mbao: vipovu vikikizunguka mara moja, tia. Yasibanane karaini; ukijaza, joto linashuka na yote yanakunywa.

Alizeti ya kukamua isiyosafishwa ifanyie mboga. Inafuka moshi mapema mno kwa maandazi.

Mambo vipi wakubwa? Naishi geto, sina friji. Napika wali na maharage ya nazi jioni, nakula mpaka kesho yake mchana. Wiki iliyopita tumbo lilinikomesha. (Mwanachuo, Morogoro)

Poa, mdogo wetu. Mtuhumiwa wa kwanza ni kiporo cha wali. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko. Wali ukikaa vuguvugu wanaamka na kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uupashe mpaka uungue. Pika wa kumaliza, au uumalize ndani ya saa mbili.

Maharage yachemshe matupu. Tenga ya jioni ndiyo uyatie nazi, kwa kuwa tui huchacha kabla ya kitu kingine chochote. Yaliyobaki yachemshe dakika 10, yafunike, usiyafunue wala kuchovya kijiko, na asubuhi yachemshe tena uyale na chai. Yasifike mchana. Na ukijitengenezea lile kapu la Mbagala, usiyalaze humo: yatakaa vuguvugu usiku kucha, joto hasa linalopendwa na bakteria.