Maswali Yenu: Howard Hawks na Faru wa Arusha

SWALI: Mhariri, shikamoo. Babu anashikilia kwamba kwenye filamu ya Hatari! mwigizaji John Wayne alikamata faru mwenyewe. Mimi nasema ni ujanja wa kamera. Nani mkweli? Na mwongozaji alikuwa nani?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Marahaba. Babu ni mkweli. Howard Hawks alianza kupiga picha Tanganyika mwishoni mwa 1960, na waigizaji wenyewe ndio walioshiriki ukamataji. Mtazame Wayne: kiti chake kimefungwa nje, mbele ya gari, naye ameshika mti mrefu wenye kitanzi nchani. Kazi ngumu ni ya dereva, maana lazima aende sambamba na mnyama. Akitangulia, kitanzi hakimpati. Akibaki nyuma, mti haufiki. Hata baada ya kunaswa, faru mmoja alichomoka kweli ikabidi akamatwe upya, na Hawks akaliacha tukio hilo ndani ya filamu. Alifanya vizuri sana, kwani hakuna aliyeweza kuandika fujo ile mezani. Matukio ya ndani yalipigwa baadaye Hollywood.

Hawks alizaliwa Goshen, Indiana, Marekani, 1896, akasomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Cornell, na ujanani aliendesha magari ya mashindano. Aliongoza filamu kuanzia 1926 hadi 1970, tano kati ya hizo akiwa na Wayne. Tuzo ya Oscar ya uongozaji aliteuliwa mara moja tu, kwa filamu ya Sergeant York, na hakuipata. Ile ya heshima alipewa 1975. Kwa kazi aliyofanya, walimpunja.

SWALI: Tunapiga filamu fupi hapa Sakina. Waigizaji wa Hawks wanadakiana maneno na bado unawaelewa. Sisi tukijaribu inakuwa kelele tupu. Tunakosea wapi?
*Vijana wa Sakina, Arusha*

JIBU: Mnakosea kwenye kuandika. Katika filamu ya Hawks ya His Girl Friday (1940), sentensi zilitungwa mwanzo na mwisho wake vikiwa maneno yasiyo na uzito, hata yakifunikwa hakuna hasara, ujumbe ukakaa katikati. Kwa mfano: "We sikiliza, *basi limeondoka saa tatu*, nakwambia kweli." Anayejibu aingilie kwenye "nakwambia", asiguse "saa tatu". Mkiweka habari mwishoni, mwenzake ataifunika na mtazamaji hataipata. Halafu kila mmoja arekodiwe kwa maiki yake. Sauti mbili zikishaingia kwenye maiki moja, ni vigumu mhariri kuzitenganisha vizuri.