Kuzamia ukiwa na miaka 54

Mzee wangu wa Kisumu, umeuliza kama miaka 54 imepita ya kujifunza kuzamia na mtungi wa hewa, na kama binti yako wa miaka 10 anaweza kuandamana nawe. Nendeni wote! PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, hupokea wanafunzi kuanzia miaka 10, na juu hakuna kikomo. Wapo wengi wanaoanza ukubwani, karo za watoto zikishapungua. Ila ukipita 45, fomu ya afya hukuchimba zaidi: sigara, presha, kolesteroli, ugonjwa wa moyo katika ukoo. Tafadhali muone daktari kabla hujalipa nauli ya kwenda kuzamia Diani, pwani. Binti mwisho wake kina cha mita 12. Mazoezi ya kuogelea fanyeni kwenye bwawa la hoteli. Ziwani kuna kichocho.