Kwa nini Contra na Counter-Strike 1.6 bado hazijatuchosha

Mkuu, umeuliza sisi wa zamani tunaona nini kwenye Contra na Counter-Strike 1.6 wakati simu yako inapiga gemu zenye picha kama sinema. Nikujibu kwa niliyoyacheza.

Mimi raha yangu ni moja: nikifa, nijue nimekufa kwa nini. Contra ya kaseti, ile gemu ya Konami ya 1988 ya kukimbia huku unafyatua risasi, risasi moja tu umekwenda, na roho unapewa tatu (waliojua ile siri ya kubonyeza juu juu, chini chini walipata 30, hao tuwaache). Lakini risasi nyingi za adui unaziona zikija, na adui wengi wamewekwa palepale leo na kesho. Umekufa? Umeruka mapema au umechelewa, basi. Super Mario Bros. ya 1985 nayo ni hivyo: ukigusa kitufe anaruka kidogo, ukikandamiza anapaa, kwa hiyo kila shimo uliloangukia ni kidole chako. Na gemu nzima ni kilobaiti 40! Picha moja uliyotumiwa WhatsApp inaizidi. Hata mawingu na vichaka ni mchoro uleule, wamegeuza rangi tu.

Sasa ongeza mtu wa pili. Kwenye Contra, ile hatua ya maporomoko, skrini inapanda na aliye juu. Mwenzako akiparamia kwa pupa, wewe wa chini skrini inakuacha na unakufa, hujaguswa na adui yeyote. Hapo ndipo kelele za "ngoja, ngoja kwanza!" zinapoanza. Halafu inadondoka silaha ya S, ile ya kutawanya risasi. Nani aichukue? Anayecheza vizuri, au mwenye pedi yake? Nimeona watu wamenuniana hadi jioni kwa ajili ya S.

Counter-Strike, gemu ya timu mbili za bunduki, moja inatega bomu na nyingine inalitegua, imechukua ugomvi huohuo ikautia pesa. Unaanza na dola 800 za mle mle kwenye gemu, ambazo hazinunui kitu cha maana. AK-47 ni 2,500, ile AWP ya kudungulia 4,750. Mkishindwa, lazima mkubaliane: raundi hii tunajibana wote, inayofuata tunanunua wote. Akitokea mmoja kanunua peke yake, kaharibu hesabu ya watu watano. Tajiri anaweza kumnunulia mwenzake bunduki akamtupia miguuni, na urafiki mwingi niliouona kwenye vyumba vya kompyuta ulianzia hapo. Ukifa hurudi mpaka raundi iishe. Unakaa unamwangalia aliyebaki akitegua bomu, sekunde 10 kama hana kifaa, 5 kama anacho, na maiti wote mnamfundisha kazi.

Ila wapo wanaosema gemu za baada ya hapo ni picha tupu. Hapana. Team Fortress 2 ya 2007, nayo ya timu mbili kupigana, ina wahusika tisa, na kila mmoja unamtambua kwa umbo la mwili tu, hata akiwa mbali, kwa hiyo ukilipuliwa unajua ni nani na ulipaswa kufanya nini. Mle mimi nachagua daktari. Bunduki yake ya tiba ikijaa, mnakuwa hamdhuriki wawili kwa sekunde nane, na wa kwenda naye unamchagua wewe. Ukimpa mtu mwoga, mtamaliza nane zote mmejibanza nyuma ya ukuta.