Kanisa la kificho Amsterdam, walijificha nini?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Niko Isevya hapa Tabora, mume wangu ni mtu wa Mara na kwao ni Wamennonite toka enzi za babu. Juzi tunapiga stori akasema kanisa lao la zamani kule Uholanzi lilikuwa la kificho, shemeji yangu akadakia eti lilikuwa chini ya ardhi, watu wanaingia usiku kupitia handaki. Sasa najiuliza, wakiimba si watasikika? Na serikali ilikuwa haijui kweli?

JIBU: Dada, mwambie shemeji handaki hakuna, Amsterdam ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Nadhani mumeo anaongelea Singelkerk, kanisa la 1608 kando ya mfereji wa Singel, na mpaka leo watu wanasali humo.

Serikali ilijua vizuri tu, na kusikika walisikika. Kipindi cha kuuawa kilikuwa kimeshapita. Wamennonite ni Wakristo wanaobatiza watu wazima tu, na wenzao wa mwanzo walichomwa moto na kuzamishwa majini kweli, Felix Manz alizamishwa mtoni kule Zurich mwaka 1527 kisa kubatiza watu wazima, ila Amsterdam mwaka 1578 mji ukachukuliwa na Waprotestanti, na mwaka uliofuata mkataba wa Utrecht ukasema mtu asisumbuliwe kwa imani yake. Tatizo kanisa lililotambuliwa hadharani lilikuwa moja tu, la Reformed (Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin), wengine wote, Wakatoliki humo humo, ruksa kusali ila barabarani pasionekane kanisa. Yaani hamna mnara, hamna kengele. Kwa hiyo waliofichwa kanisa ni wapita njia tu, na ukiniuliza mimi huo ulikuwa unafiki wa wakubwa wa mji, maana Wamennonite wenyewe wengi walikuwa wafanyabiashara wenye hela zao na kodi walilipa.

Ndo maana wakajenga nyuma, katikati ya safu za nyumba. Kama zile nyumba za mjini ambazo mbele unaona duka, ukipita kichochoro unakuta ua mkubwa na watu kibao. Mpaka leo kwa nje unaona mlango wa kawaida kama wa nyumba ya mtu, unapita ndani, ghafla uko kwenye ukumbi mkubwa una dari la juu na madirisha makubwa ya vioo vyeupe. Kiwanja kimebanwa pande zote, kutanuka huwezi, ndo wakaweka viti ghorofani, roshani zimepangana juu zinazunguka ukumbi. Mwaka 1639 wakalipanua tena.

Ila usidhani ule ukavu wa ndani umetokana na kujificha, hapana, hiyo ni imani yao. Hakuna altare, hakuna sanamu wala picha za watakatifu. Mimbari haiko mwisho kabisa wa jengo kama tulivyozoea, iko kwenye ukuta mrefu, watu wanaizunguka pande tatu, kila mtu amsikie mhubiri bila spika. Na bwawa la ubatizo usilitafute, wao wanammiminia maji kichwani mtu mzima aliyekiri mwenyewe.

Zamani waliliita kanisa la Mwanakondoo kwa sababu ya kiwanda cha bia cha jirani chenye jina hilo (usimwambie shemeji, atacheka wiki nzima). Halafu hao hao Wamennonite, ambao imani yao inakataza kushika silaha, mwaka 1664 wakagombana mpaka wakagawanyika, watu wakauita ugomvi huo vita vya wanakondoo, kundi moja likahama, na kurudiana ni mpaka 1801.

Masharti ya kujificha yaliisha 1796, dini zote zikawa sawa kisheria, ila jengo liko pale pale nyuma ya nyumba.

Na kuhusu "kanisa lao", mwambie mumeo taratibu, wamisionari wa Kimennonite walioanza Shirati, huko kwao Mara, mwaka 1934 walitoka Marekani, sio Uholanzi.