Usiweke oili ya 50:1 kwenye injini iliyozoea methanoli

Usiiwashe hiyo injini kesho. Umeandika kwamba unaigeuza injini yako ya ndege ya mfano ya sentimita za ujazo 20 itoke kwenye methanoli itumie petroli, kwamba umeshaifunga CDI, kile kifaa cha umeme kinachorushia plagi cheche, kwamba utachanganya petroli na oili kwa 50:1 kama chupa ya oili ya msumeno wa mnyororo inavyoelekeza, na unauliza iwapo mpira wa silikoni wa kupitishia mafuta utadumu. Hiyo 50:1 ndiyo iliyoimaliza yangu, tena ya ukubwa huohuo.

Aliyeniuzia vifaa vya kugeuzia alinihakikishia, huku akitafuna karanga zangu, kwamba petroli ni petroli. Hesabu hakuipiga, wala mimi niliyejiita fundi sikuipiga. Mafuta yangu ya methanoli yalikuwa na oili asilimia 18, yaani mililita 180 katika kila lita. Kwa 50:1, lita ya petroli inapata mililita 20 tu. Isitoshe, kilo moja ya methanoli huungua na kilo 6.5 hivi za hewa ilhali ya petroli hutaka karibu 14.7, kwa hiyo injini ileile hunywa petroli chini ya nusu ya methanoli iliyokuwa ikinywa, na ile oili kidogo inapungua mara ya pili. Methanoli pia huipoza injini inapogeuka mvuke, kazi ambayo petroli haiifanyi kwa kiasi hicho. Msumeno huvumilia kwa sababu konrodi yake, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti, imekaa kwenye beringi za sindano, lakini nyingi za injini zetu zina bushi tupu, ringi ya chuma isiyo na beringi, ambayo uhai wake ni utando wa oili.

Matangi mawili ya kwanza iliimba vizuri hata nikaanza kujisifu. La tatu, ndege ikiwa bado chini, namshukuru Mungu, ilianza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa kijiko, kisha ikanoki. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nilikuta oili ya kijivu yenye chembe zinazometameta, na tundu la chini la konrodi lilikuwa limegeuka umbo la yai. Nyumbani nilisema nilikuwa nikijaribu uimara wa chuma, na kwamba jaribio lilikamilika. Yule muuzaji, nilipompigia simu, alinijibu kwamba huenda propela yangu ilikuwa kubwa mno. Propela aliyonichagulia yeye!

Changanya 20:1, yaani mililita 50 za oili nzuri ya viharusi viwili kwa kila lita ya petroli, na usipunguze hata kama silensa itachuruzika mpaka bawa liteleze kama kambare. Plagi ikishika masizi, badilisha plagi, usiguse oili. Mpira wa silikoni utavimba na kulainika, utoe, pamoja na kizibo cha tangi kama nacho ni cha silikoni.

Konrodi ile sasa nimeitundikia funguo za stoo. Ukiitaka nitakupigia picha, ila usiioneshe injini yako kabla hujapima hizo mililita 50.