Taa ya betri inayoonekana gizani tu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya petroli ya miaka ya 80, nabeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi mjini, na huwa natoka kabla ya alfajiri. Tangu mwezi uliopita taa ya betri kwenye dashibodi inawaka hafifu, nyekundu kama kichwa cha sigara, nikiwasha taa kubwa. Mchana siioni. Nikaambiwa betri imekufa, nikanunua mpya, na taa iko pale pale. Sasa naambiwa ni altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari. Nimeazima mita nikapima kwenye betri: injini ikiwa imezimwa ni volti 12.5, ikiwaka bila taa ni 13.8, nikiwasha taa kubwa inashuka hadi 12.9, hata nikikanyaga mafuta. Ninunue altaneta? – Msomaji wa Gongoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinunue bado. Na betri yako ya zamani, kama hujaiuza, itunze, maana huenda haikuwa na kosa lolote.

Taa ile imechorwa betri, ndiyo maana kila anayeiona anakimbilia betri. Lakini yenyewe haipimi betri. Katika gari la umri wa lako, globu ile imefungwa katikati ya pande mbili: upande mmoja unapata umeme wa betri kupitia swichi ya ufunguo, upande wa pili unaunganishwa na altaneta. Ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata, altaneta bado imelala, kwa hiyo umeme wa betri unapita kwenye globu kuingia altaneta, na taa inawaka. Umeme huo mdogo ndio unaoiamsha altaneta, na ndiyo sababu nagombana na vijana wanaotoa globu ya kawaida pale wakaweka ya LED: inapitisha umeme kidogo mno, gari linaondoka altaneta ikiwa bado usingizini. Injini ikishika, altaneta inazalisha, pande mbili zinalingana, na taa inazima. Ikiwaka tena, inakwambia jambo moja tu: pande mbili hazilingani.

Ingewaka kwa ukali wote ukiwa safarini, ningesema altaneta haizalishi kabisa. Mkanda umekatika, au brashi za kaboni zimekwisha, au regyuleta, kile kidhibiti cha volti, imeungua. Hapo mtu atazame geji ya joto kabla ya kuwaza umeme, kwani katika magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Geji ikipanda, simama na uzime injini, hata kama uko karibu na daraja la Sabaki na barafu ya samaki inayeyuka. Samaki ni hasara ya siku moja. Ikiwa inawaka na kuzima kila ukipita kwenye mashimo, kwanza ningeshuku kaboni, ambazo ni bei ndogo sana ukilinganisha na altaneta nzima. Yako haifanyi hivyo wala vile.

Namba zako zimenifurahisha, maana wengi huniletea hadithi bila vipimo. Volti 12.5 gari likiwa limezimwa ni betri iliyokaribia kujaa; iliyojaa kabisa hukaa kwenye 12.6 au 12.7. Volti 13.8 bila taa inaonyesha altaneta inachaji, na altaneta iliyokufa haifikishi hapo. Shida ni ile 12.9. Ukiwa umewasha taa na kukanyaga mafuta, betri inapaswa kupata kati ya 13.5 na 14.5. Kuna kama volti moja inapotea. Inapotelea ndani ya altaneta, au njiani kabla ya kufika kwenye betri?

Mimi nashuku njiani, na sababu ni njia yenyewe unayopita. Unaegesha gari kando ya bahari Ngomeni, unapita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha unaingia Malindi. Magari yanayofanya kazi upande huo nikiyafungua huwa nakuta kila kichwa cha waya kimeota unga, wa kijani kwenye shaba na mweupe kwenye tamino za betri, vile vibano vya waya.

Kaazime ile mita tena. Iweke kwenye volti za DC, injini iwake, taa kubwa ziwake, na mwenzako akanyage mafuta kidogo. Ncha moja iguse bolti ya altaneta inayoshika waya mnene. Iguse bolti yenyewe, si kichwa cha waya. Ncha ya pili iguse nguzo chanya ya betri, ile nguzo ya risasi, si tamino iliyoibana. Angalia mikono na nguo zisikaribie mkanda na feni. Mita ikisoma 0.2 au chini ya hapo, njia ni safi na mimi nimekosea. Ikisoma volti moja au karibu, mwizi ni huyo. Altaneta inatoa kama 14, betri inapokea 13, na kwa kuwa swichi ya ufunguo inalishwa kutoka upande wa betri, globu nayo inapata tofauti ya hiyo volti moja. Kwa globu ya volti 12 huo ni umeme wa kuifanya iwe nyekundu tu, na nyekundu hiyo jua linaimeza. Ukizima taa kubwa, umeme unaopita kwenye waya unapungua, upotevu nao unapungua.

Kisha sogeza ncha kutoka kiungo hadi kiungo mpaka uone namba inaruka wapi. Kabla ya kufungua chochote kwa spana, toa kwanza waya hasi wa betri, maana bolti ile ina umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Tamino zioshe kwa maji ya moto yenye magadi, sugua kwa msasa, kaza, halafu paka grisi. Lakini ukikuta waya umegeuka kijani ndani ya mpira wake, msasa hautakusaidia: kata mpaka uone shaba inayong'aa, ubane kichwa kipya, na ukiwa mfupi badilisha waya wote.

Ukiwa hapo, pima pia upande wa athi, yaani njia ya umeme kurudi betri, kutoka bodi ya altaneta hadi nguzo hasi. Athi mbovu haiwashi taa hii, ila inainyima betri chaji vile vile.

Kama njia zote mbili ni safi, basi nashuku daiodi, vile vipande ndani ya altaneta vinavyogeuza umeme wa AC kuwa DC. Weka mita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikiwaka: ikizidi nusu volti, daiodi moja au zaidi imekufa. Dalili nyingine ni taa hiyo kubaki ikiwaka hafifu hata ukitoa ufunguo. Hapo betri inaishia usiku. Hata hivyo fundi wa umeme anaweza kufungua altaneta na kubadilisha daiodi peke yake.

Usikubali mtu "aijaribu" altaneta kwa kuchomoa tamino ya betri injini ikiwaka. Nimeona watu wazima wenye gereji zao wakifanya hivyo. Betri ikitoka ghafla, volti zinaruka mara kadhaa ya kawaida na kuchoma daiodi na regyuleta. Kwenye gari jipya, hata kompyuta. Ukija na altaneta nzima, unaondoka na mbovu.

Na ukiwa Ngomeni ukisubiri mashua, hasa msimu wa kaskazi, egesha pikapu tako likitazama bahari. Ukielekeza pua huko, upepo unapita kwenye rejeta na kukumwagia ile chumvi yote kwenye injini.