Kupiga picha, si kuchukua picha

Msomaji wa Morogoro anaandika makala kuhusu sanaa ya dhana, ile ambayo wazo lenyewe ndilo kazi. Anauliza: aseme msanii "amepiga picha" au "amechukua picha"?

"Sanaa ya dhana" ni sawa. Dhana tuliipata kwa Waarabu, picha kwa Waingereza, na yote mawili yameshakuwa yetu. Lakini hiyo "kuchukua picha" siitaki! Ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na sasa imejaa magazetini na redioni. Sisi hupiga: simu, pasi, deki, kura, na picha. Kuchukua ni kukitoa kitu kilipokuwa ukaenda nacho. Ukiniambia kijana amechukua picha harusini, nitauliza ameitoa ukuta upi, na wenyewe wanajua?

Katika sanaa hii kosa hilo linaharibu maana kabisa. Mwaka 1981 Mmarekani Sherrie Levine alionyesha New York picha alizopiga kutoka katika katalogi ya Walker Evans, aliyewapiga picha wakulima maskini wa Alabama mwaka 1936. Levine hakuwafuata wakulima wale, wala hakubadili uso wala kivuli. Alichowawekea watu mbele ni swali: picha hii ni ya nani? Sasa andika "Levine alichukua picha za Evans": umeshamhukumu kwa wizi kabla mtazamaji hajafika ukumbini. Andika "Levine alipiga picha za Evans": msomaji atadhani Evans ndiye aliyekaa mbele ya kamera. Andika "Levine alizipiga picha picha za Evans", neno picha mara mbili, bila aibu. Mhariri akifuta moja, irudishe. Hiyo ya pili ndiyo inayobeba kazi nzima.

Halafu, si kila msanii wa dhana hushika kamera. Mwaka 1965 Joseph Kosuth aliweka kiti, picha ya kiti hichohicho, na maana ya neno kiti kutoka kwenye kamusi. Kinachoonekana kwenye picha lazima kilingane na kilichopo mbele yako, kwa hiyo kazi ikihamia ukumbi mwingine picha hupigwa upya, na anayeipiga ni mtu mwingine. Hapo hata "alipiga" haitoshi. Andika "alipigisha picha". Mnyambuliko tunao, tuutumie.